Nani analala kwenye hiyo nyumba ya pili?

Mwezi huu barua za nyumba zimekuja nyingi kuliko kawaida. Nimechagua tatu, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana imenigusa na najua haimhusu aliyeandika peke yake.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni Mtanzania niko Finland, mji wa Tampere, mwaka wa nne huu, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Hapa kazini kwetu karibu kila mtu ana nyumba mbili, sio mabosi tu, mpaka mama wa jikoni, mpaka dereva anayeleta vyakula, ana fleti yake mjini alafu ana mökki, ndio wanavyoita nyumba yao ya porini kando ya ziwa, na ikifika Ijumaa wakati wa kiangazi mji unabaki mtupu. Mwaka jana mwenzangu mmoja akanialika kwenye sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, nikajiandaa nikijua naenda kwenye jumba la maana, kufika ni kibanda cha mbao, hakuna maji ya bomba, choo cha shimo kiko nje nyuma ya miti, maji ya kuoga tunachota ziwani kwa ndoo, na mwenyewe anafurahi kama mtoto. Nilipomsimulia kaka yangu aliyeko Arusha akasema umeona sasa, ndio maana hiyo nchi kila mwaka inatangazwa ya kwanza kwa furaha duniani, nchi iliyoendelea ni ile ambayo hata mpishi ana nyumba mbili. Tangu siku hiyo sipumui, anataka nizidishe kutuma hela tumalizie nyumba ya kwetu Rombo, vyumba sita, sasa hivi imefika kwenye lenta, ile zege ya juu ya madirisha, bado kupaua. Mimi huku napanga chumba kimoja, sijakanyaga nyumbani miaka mitatu, nauli yangu yote imegeuka simenti. Nakuuliza dada, kaka yuko sahihi? Watu wengi kuwa na nyumba ya pili ndio kipimo cha maisha mazuri ya nchi?
Msomaji, Tampere

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa baridi. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikirudia nasimama palepale kwenye ile ndoo.

Kwanza nimtendee haki kaka yako, ameona kitu cha kweli. Finland ina watu milioni 5.5 tu na hizo mökki zinapita 500,000, yani kama nyumba moja ya mapumziko kwa kila watu 11, na ukiongeza wanaotumia ya wazazi, ya shemeji, ya shangazi, unakuta watu wengi sana wana pa kwenda. Jirani zao Norwei, watu idadi ile ile, nao wana zaidi ya 400,000, wao wanaziita hytte. Na hizi ni nchi ambazo ukipanga orodha yoyote ya maisha, afya za watoto, shule, umri wa kuishi, utazikuta huko juu. Mtu akiviona vitu viwili vinatembea pamoja akadhani kimoja kimezaa kingine, simshangai.

Sasa twende kwenye ndoo. Huyo mwenzako mjini ana maji ya moto usiku na mchana, choo cha ndani, nyumba ina joto hata nje kukiganda. Anaacha vyote hivyo anaenda kuchota maji ziwani na anacheka. Mama zetu wanachota maji kwa ndoo hiyo hiyo, lita zile zile 20, na hakuna anayecheka, kwa sababu kesho ni ndoo tena na keshokutwa ni ndoo, na mgongo ni ule ule mmoja. Mwenzako anajua Jumapili jioni anarudi kwenye bomba. Anajua akiteleza kwenye lile gati la mbao akavunjika mguu hatauza shamba kulipa hospitali. Anajua Jumatatu kazi yake ipo na mshahara haujakatwa. Kibanda chenyewe kina mbao na vyombo vya zamani, umekiona kwa macho yako, hakuna mali ya ajabu pale. Alichonacho yeye ni uhakika, na uhakika huo kaujengea mbali na pale ziwani.

Na kuna kitu kingine ambacho kaka hakukihesabu, siku. Sheria ya likizo ya Finland inampa mfanyakazi aliyemaliza mwaka kazini wiki tano za likizo yenye malipo, na siku 24 kati ya hizo ni za kuchukuliwa kati ya tarehe 2 Mei na 30 Septemba, yani sheria yenyewe imekumbuka kiangazi. Wengi wanaongezewa na hela ya likizo juu ya mshahara kwa makubaliano ya vyama vya wafanyakazi. Wewe mwenyewe uko kwenye ajira huko, nenda kaangalie mkataba wako, hizo wiki ni zako pia na naomba usiziuze. Mpishi wenu ana mökki kwa sababu ana wiki tano za kuitumia. Bila hizo wiki kingekuwa kibanda cha panya.

Hizo nyumba hazikuanza kama utajiri pia. Baada ya vita kuu ya pili watu wa Finland walihama mashambani kwa kasi sana, ndani ya kizazi kimoja mtoto wa mkulima akajikuta kwenye fleti ghorofa ya nne, moyo ukabaki kule. Nchi ina maziwa zaidi ya laki moja na nusu, kwa hiyo kipande cha ardhi kando ya maji hakikuwa kitu cha matajiri tu, fundi wa kiwandani alikinunua akajenga mwenyewe wikendi kwa wikendi, wengine walirithi kwa babu. Ukiniuliza mimi, mökki ni shamba la nyumbani lililobaki baada ya kazi ya shamba kuisha. Mchaga wa Dar anayepanda basi Desemba kwenda kulala kwenye kihamba, lile shamba la ukoo, cha baba yake angemwelewa huyo mama wa jikoni bila mkalimani.

Hiyo ripoti ya furaha nayo, ni kweli Finland imeshika namba moja tangu 2018 mpaka 2025 mfululizo. Lakini swali lenyewe linaloipanga nchi haligusi nyumba. Mtu anaambiwa afikirie ngazi, chini kabisa ni sifuri na juu kabisa ni kumi, alafu aseme maisha yake anayaona yako kwenye kidato cha ngapi. Basi. Watafiti wakija kutafuta sababu wanataja kipato, afya, kuwa na mtu wa kumkimbilia ukipata shida, uhuru wa kuamua mambo yako, rushwa kuwa ndogo. Nyumba ya pili haimo.

Tuipeleke hoja ya kaka yako Urusi, maana huko ndiko inakovunjika. Warusi wana nyumba za pili kwa mamilioni, wanaziita dacha, na neno hilo limetoka kwenye kupewa, zamani ilikuwa ardhi mtu anayopewa na mfalme. Wakati wa Usovieti wafanyakazi waligawiwa viwanja kupitia kazini, kipimo kinachojulikana na kila mtu kule ni mita za mraba 600, na sheria ilibana mpaka ukubwa wa kibanda unachoruhusiwa kuweka. Alafu ikaja miaka ya tisini. Mwaka 1992 peke yake bei zilipanda zaidi ya mara 20, mishahara ikawa inacheleweshwa miezi, na watu waliokuwa mainjinia na walimu wakaingia kwenye dacha na jembe, wakapanda viazi, kabichi, matango, wakasindika kwenye chupa za kioo wakashusha stoo chini ya sakafu ili wavuke baridi. Mwaka 1994 mwanaume wa Urusi alikuwa anatarajiwa kuishi chini ya miaka 60. Nyumba za pili zilikuwepo tele, na zilikuwa zinafanya kazi kubwa kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu maisha yalikuwa mabaya. Mtu angezihesabu kutoka juu kwa ndege mwaka ule angesema hawa watu wameendelea kweli, kila mji umezungukwa na nyumba za mapumziko.

China vilevile. Benki kuu yao iliuliza familia za mijini mwaka 2019, karibu nne kati ya kumi zikasema zina nyumba mbili au zaidi. Nne kati ya kumi! Lakini nyingi kati ya hizo hakuna anayezipumzikia, ni sehemu ya kuweka akiba kwa sababu watu hawakuwa na pengine pa kuiamini hela yao, na sheria yao ya likizo inampa mfanyakazi mwenye chini ya miaka kumi kazini siku 5 tu kwa mwaka, ukiacha sikukuu. Alafu kuanzia 2021 kampuni kubwa za ujenzi zikaanza kuanguka na watu wakajikuta wanalipa mkopo wa fleti ambayo haijaezekwa. Wewe ambaye nyumba yako iko kwenye lenta nadhani unaielewa hiyo kuliko mimi.

Alafu kuna Uswisi, nchi ambayo watu wengi wamepanga, hawana hata hiyo nyumba ya kwanza, na hakuna mtu atakayekwambia Uswisi maisha ni duni. Machi 2012 walipiga kura ya maoni na kwa ushindi mwembamba sana wakaamua nyumba za pili zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika kila manispaa. Sababu ilikuwa vijiji vya milimani vilivyojaa nyumba zilizofungwa madirisha mwaka mzima, wana msemo wao huko, vitanda baridi. Mtoto wa pale pale kijijini anakosa pa kupanga na huku usiku anatembea kwenye mtaa mzima usio na taa hata moja.

Vitanda baridi. Hilo neno nilipolisikia mara ya kwanza nilimkumbuka bibi mmoja, na hapa naomba univumilie nisimulie, maana ndio jibu langu kwako hasa.

Desemba moja nilikwenda kuhani msiba kijiji jirani na kwetu huko uchagani. Tukakaribishwa kwenye mji wa bibi mmoja, mtoto wake yuko nje ya nchi kama wewe. Nyumba ipo nzuri kweli, vyumba vitano, bati la rangi, madirisha ya aluminiamu, geti jeusi. Tukakaa nje kwenye migomba. Nikaomba kwenda msalani nikapelekwa choo cha zamani cha mabanzi, cha ndani kina vigae mpaka juu lakini maji hayajawahi kuunganishwa. Nikamuuliza bibi analala chumba gani. Akanionyesha jiko la zamani, la udongo, kitanda cha kamba upande huu na mbuzi wawili upande ule. Nikamwambia bibi mbona hulali ndani, akasema mwanangu kule kuna baridi, ile sakafu inateleza, na nikiwasha moto nitamchafulia dari, akija atanionaje. Funguo za ile nyumba alikuwa amezifunga kwenye pindo la kanga, akawa anazishika shika wakati anaongea. Mule ndani kuna sofa, zimefunikwa shuka, na kuna kalenda ya miaka miwili nyuma bado ukutani. Kijana akija Krismasi ya mwaka akaingiza umeme anakuta LUKU imekata kwanza kodi ya jengo ya miezi yote aliyokuwa hayupo, analala siku nane, anafunika sofa, anaondoka.

Simsemi vibaya yule kijana, alijenga kwa upendo na jasho, najua. Lakini siku ile nilirudi nimevunjika moyo, kwa sababu mzee mwenyewe hakuhitaji vyumba vitano, alihitaji chumba kimoja chenye joto na choo asichokitembelea gizani, na alihitaji zaidi kumuona mtoto.

Kwa hiyo mdogo wangu kaka hayuko sahihi, ila usigombane naye. Mpigie simu muulize swali moja tu, hiyo nyumba ikiisha nani atalala ndani, na siku ngapi kwa mwaka? Chukueni kalenda mhesabu pamoja, wewe siku zako, yeye zake, wazazi kama wapo. Kama kuna mzazi pale Rombo, vyumba vinne viache kwanza vilivyo, paua viwili, weka choo cha kuingilia ndani na tangi la maji, na jiko lenye bomba la moshi ili mama asiogope kuwasha moto. Hizo lenta nyingine hazitaoza kwa haraka, funika kuta kwa mabanzi na nailoni. Na kabla ya yote kata tiketi. Miaka mitatu ni mingi, una wiki tano zako za sheria, njoo nazo nyumbani uzilale hapo hapo kwenye nyumba ya zamani.

SWALI: Hujambo dada. Mimi ni Mluo, nafanya kazi Nakuru, nimenunua nyumba hapa kwa mkopo wa benki na bado nalipa kila mwezi. Wazee nyumbani Siaya wananiambia sina nyumba. Ati mpaka nijenge ushago, yaani kijijini kwetu, ndio nitahesabika mtu mzima, na nikifa bila boma itakuwa aibu kwa ukoo. Bibi yangu, mama wa watoto, hataki kusikia, anasema tunaenda huko siku kumi kwa mwaka, hiyo hela ni ya karo. Sasa nikiangalia naona Wakenya karibu wote tuko hivi, nyumba mjini na nyumba ushago. Hii si ndio inatufanya maskini zaidi badala ya kuonyesha tumeendelea?
Baba wa watatu, Nakuru

JIBU: Sijambo ndugu yangu. Kesi yako ilishafika kortini kabla hata ya wasomaji wetu wengi kuzaliwa. Wakili S.M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 1986, mkewe Wambui akataka kumzika Upper Matasia, Ngong, kwenye mji wao, ukoo wake wa Umira Kager ukasema hapana, anarudi Nyalgunga, Siaya. Mwili ukakaa miezi mitano. Hoja iliyobeba kesi ndiyo hiyo hiyo wazee wako wanakwambia, kwamba kijaluo kuna ot, nyumba, na kuna dala, nyumbani, mtu anaweza kuwa na nyumba nyingi Nairobi lakini hizo ni nyumba, nyumbani ni kwingine. Mahakama ya rufaa ikaupa ukoo ushindi, akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Hata kiswahili chetu kinajua hiyo tofauti, nyumba na nyumbani, herufi mbili tu zinatenganisha na watu wakabishana miezi mitano.

Ndio maana takwimu ya nyumba za pili haisemi kitu mpaka ujue nyumba ni ya nini. Karani wa sensa akija atakuandika wewe sawasawa na yule mpishi wa Finland, nyumba mbili, nyumba mbili. Yake ni ya kupumzikia, yako ni ya kuhesabiwa mtu na ya kuzikiwa.

Na usiwaone wazee kama wana mambo ya kizamani tu. Wakati wa mkoloni Mwafrika Nairobi alihesabiwa mpita njia, anabeba kipande, kile kitambulisho cha lazima, shingoni, anapewa pa kulala kama mwanaume asiye na familia, mshahara wa mtu mmoja, na akizeeka arudi alikotoka. Mji haukumtaka uzeeni, ushago ndio ilikuwa pensheni yake, hospitali yake na kaburi lake. Waliolelewa na baba hao hawawezi kuiamini nyumba ya mkopo, nyumba ambayo ukikosa kulipa miezi kadhaa inapigwa mnada. Ukweli ni kwamba hata leo, ukipoteza kazi Nakuru, shamba la Siaya litakulisha na benki haitakulisha. Hiyo ndio sababu Wakenya wana nyumba mbili, na siku mtu akiweza kuzeeka Nakuru bila hofu utaona nyumba za ushago zinapungua zenyewe au zinageuka za kupumzikia kama hizo za Finland.

Sasa wewe ufanyeje. Bibi yako ana haki kuhusu karo, usikope tena kwa ajili ya ushago, mikopo miwili kwa mshahara mmoja itawatesa watoto. Lakini nenda ukae na wazee, ukae nao chini kabisa usiongee kwa simu, uwaulize wanachodai ni jumba au ni wewe kuwa na mlango kwenye ardhi ya baba yako. Mara nyingi ni mlango. Chumba na sebule, bati, ukuta wa udongo uliopigwa plasta, unajenga kwa awamu bila benki. Sheria ya Kenya inakupa siku 21 za likizo kwa mwaka, wapeleke watoto huko hata nusu yake, wajue kuongea na nyanya yao. Na bibi yako mwambie mapema na kwa maandishi atakuwa na sauti gani kwenye hiyo nyumba ukitangulia wewe, maana kesi ya Otieno ilimuumiza mjane kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote.

SWALI: Dada shikamoo. Mimi napanga Tabata, chumba na sebule, mama mwenye nyumba ana nyumba tano, mbili zimefungwa tu hazina mtu anasubiri mpangaji wa bei anayoitaka. Kodi yangu imeisha anataka ya mwaka mzima mkononi, nikihama dalali anataka ya mwezi mmoja ya kwake. Kwa nini serikali isiseme mtu mmoja nyumba moja, tuone kama maisha hayatakuwa bora kwa wote?
Mpangaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tumeshajaribu kitu kinachofanana na hicho. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 ikaja sheria ya kuchukua majengo, jengo la kupangishwa lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 likawa la serikali, likaenda kwa Msajili wa Majumba. Wapangaji walishangilia, na nauelewa ule moyo. Lakini walichukuliwa pia watu waliokuwa na jengo moja tu, juu wanaishi wao chini wanapangisha, wengi Watanzania wenye asili ya Asia, na wengi wakaondoka nchini. Majengo mengi yakakaa miaka hayapakwi rangi, lifti zimekufa, ngazi zinavuja. Masharti ya viongozi yakaja kulegezwa na Azimio la Zanzibar la 1991. Sitamani turudie.

Kinachonikera mimi kwenye barua yako sio zile nyumba tano, ni zile mbili zilizofungwa na ile kodi ya mwaka mzima. Wenzetu wa Wales wamelikabili hilo la kwanza bila kumnyang'anya mtu, tangu 2023 halmashauri zao zinaruhusiwa kumtoza mwenye nyumba ya pili kodi ya ziada mpaka asilimia 300, na huko Gwynedd, ambako vijana wanashindwa kununua kwenye vijiji walikozaliwa, mwaka huo huo 2023 mwenye nyumba ya pili alianza kulipa mara mbili na nusu ya mwenzake. Hapa kwetu nyumba iliyofungwa na nyumba yenye familia saba zinakatwa kodi ile ile kwenye LUKU. Mimi hapo ndipo ningeanzia, nyumba tupu ilipe zaidi, na kodi ya pango ilipwe mwezi kwa mwezi, maana hakuna mtu Tabata anayelipwa mshahara wa mwaka kwa mkupuo.

Hiyo ni ya wabunge. Ya kwako wewe wiki hii, usikimbilie kwa dalali. Mama mwenye nyumba ana nyumba mbili tupu tayari, ya tatu ikibaki tupu anaumia yeye pia, na wewe ni mpangaji unayelipa, huo ndio uzito wako mezani. Mwendee asubuhi, kwa heshima, na hela ya miezi mitatu mkononi asiione kwenye maneno tu, mwambie utalipa mitatu mitatu kwa tarehe hiyo hiyo. Akikubali andikianeni karatasi mbili, mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri, na yako usiiache kwake.